Masizi

Bolti za ekzosi ya Voksi hazifunguki kwa hasira.
Zimwagie diseli jioni, ziache zilale nayo,
asubuhi gonga kichwa mara tatu, taratibu,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.
Hivyo alinifundisha Chidawali,
gereji ya Kizota, nyuma ya mashine ya alizeti.

Moja ilikatika. Moja hukatika siku zote.

Gari ni la baba, la mwaka sitini na tisa,
rangi ya maziwa yaliyoganda,
injini matakoni, halina rejeta, halijui maji;
linapozwa na upepo tu, na upepo, kwetu Dodoma,
ndiyo mali pekee tusiyodaiwa.
Miaka kumi na moja limekaa juu ya matofali,
kuku wakitagia kiti cha nyuma.
Nimeagiza klampu, mbili kulia, mbili kushoto,
na gasketi zake: elfu themanini na tano.
Chidawali kacheka: bei ya mbuzi
kwa vipete vya bati.

Nikalala chini, mchanga mwekundu ukiniingia kolani.
Klampu ya kushoto ikatoka vipande viwili,
kutu imeila ikabaki ganda la karanga.
Chini yake gasketi, au kilichokuwa gasketi:
upande mzima haupo.
Na kuanzia pale, mstari mweusi.
Masizi. Yamepanda polepole, safari baada ya safari,
hadi kwenye bomba la hita,
lile lipelekalo joto ndani, miguuni pa dereva.

Chidawali akapitisha kidole, akakitazama.
"Aliyekuwa akiendesha hili," akauliza,
"kichwa kilikuwa hakimuumi?"

Kilikuwa kikimuuma.
Julai, akirudi Kondoa kusimamia mitihani,
baridi ile ya upepo inayopasua midomo,
akivuta kiwenzo kando ya breki ya mkono
ili miguu ipate moto.
Akifika nyumbani macho mekundu,
akiwasalimu watu wasiokuwepo,
akitapika chai.
Presha, walisema wa zahanati.
Wa nyumbani hawakusema presha.
Walihesabu nani alimpakulia, nani alimsindikiza,
nani aligombea naye shamba la zabibu la Hombolo,
na hesabu ikamwangukia Shangazi Damari.
Lisemwalo lipo, walisema.

Baba alisinzia karibu na Mayamaya.
Gari liliacha barabara kwa upole,
likasimama kwenye miiba, taa zote nzima.
Yeye hakuamka.

Wiki ile ile Damari alifunga godoro kwa kamba ya katani
akapanda lori la Manyoni.
Nilimbebea ndoo hadi stendi
na sikumuaga.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha tano,
nimesoma fizikia.

Lisemwalo lipo. Lilikuwepo kweli:
pete ya bati, unene wa ukucha,
imechoka.

Nikasugua flenji kwa msasa mpaka ikang'aa,
nikaweka gasketi mpya kavu, bila gundi,
nati za shaba, nikikaza kwa zamu,
robo huku, robo kule,
maana ukiubana upande mmoja kwa pupa
wa pili hubaki ukipumua.

Liliwaka mara ya nne. Halikupiga chafya.
Chidawali akazungusha kiganja kwenye maungio
kama anayetafuta homa ya mtoto, asiipate.
"Basi," akasema, akaitupa ile ya zamani
kwenye debe la vyuma chakavu.

Nikaiokota.
Imo kwenye bahasha ya kaki, kiti cha mbele,
na masizi yake; sikuifuta.
Manyoni ni saa mbili za lami,
kwa gari hili tuseme tatu.
Hita nimeiziba kwa kitambaa, hata hivyo.
Nitaondoka alfajiri, na blanketi miguuni,
na mpaka sasa sijapata
neno la kuanzia.