Tunutu wa Saa Kumi na Nusu

Ng'ombe niliwauza Oktoba, wote arobaini na saba,
lakini mikono haikupewa habari.
Saa kumi na nusu alfajiri inaniamsha,
vidole vinajikunja gizani vikitafuta chuchu.
Ardis ananisukuma kwa kiwiko: "Nenda huko,
mimi si wa kukamuliwa."

Nashuka jikoni. Januari, Wiskonsini,
theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Nafunga jiliwa ukingoni mwa meza,
kando ya bakuli la sukari na bili ya daktari wa mifugo
ambayo bado sijailipa,
ingawa wagonjwa wake wameshahama.

Ndoana namba kumi na sita: kwa macho yangu,
nukta iliyopinda.
Naivisha ushanga mweusi, mzito kuliko umbo lake,
kwa kuwa majira haya trauti hapandi juu kwa lolote,
analala chini kwenye changarawe,
kinywa nusu wazi, akingoja kuletewa.

Uzi wa kahawia. Zungusha, zungusha, rudi nyuma.

Mkia: nyuzi tatu za unyoya wa jogoo-mwitu
aliyegongwa na lori la maziwa
siku ya mwisho lilipopanda njia yetu.
Dereva alishuka, akavua kofia, akaomba radhi,
kwangu au kwa ndege, sikuelewa.
Nyuzi tatu, nimesema. Mara mbili napata nne,
mara moja napata kidole changu mwenyewe.
Mikono hii imevuta ndama aliyekaa vibaya tumboni,
usiku, umeme umekatika, Ardis ameshika tochi;
imefungua nati zilizoozeana na kutu.
Mbele ya kitu chepesi hivi inaona haya.

Waya wa shaba nimeuchomoa
kwenye mota ya pampu ya kukamulia.
Mota imekufa; shaba bado inang'aa.
Raundi tano, mbavu tano.
Ukikaza mno unakatika,
ukilegeza unateleza hadi mkiani,
unaanza upya na matusi ya Kinorwei
aliyotuachia babu, pamoja na deni.

Kifua ndicho kilichonitoa nje na koti juu ya pajama.
Ghalani burashi ingali kwenye msumari wake,
na ndani ya burashi, nywele za Petra,
nyekundu kama chai iliyosahaulika jikoni.
Petra alikuwa mpole siku sita za juma.
Jumapili alipiga teke.
Kwa nini Jumapili, hata mchungaji hakujua.
Nimesokota nywele zake kwenye uzi, kidogo,
kidogo kuliko unavyodhani, kisha nusu yake,
nikafunga fundo, nikakata.

Ardis amekuja na kahawa, amevaa miwani yangu.
"Saa nzima, hicho tu?"
"Hicho tu."
Akakigeuza kwenye taa. "Vitu kama hiki
mimi huvitoa kwenye soksi zako."

*

Adhuhuri, Kijito cha Tveit kinafuka mvuke,
maji ya chemchemi hayajui kuganda.
Barafu inaziba pete za fimbo, nazipulizia,
natupa, inaziba, nazipulizia.
Kwenye kilima cha pili, upande ule wa ua,
ghala langu halitoi moshi wa pumzi.
Sikutazama sana.

Mshipi ukasita.
Haukuvutwa: ulisita,
kama mtu aliyesahau neno katikati ya sala.
Nikainua.

Trauti wa kahawia, mfupi kuliko kiatu changu,
madoa mekundu ubavuni.
Nililowesha mkono kwanza, kama inavyopasa,
nikamshika chini ya tumbo,
na vidole, bila kuniuliza,
vikajua ni nguvu kiasi gani.

Tunutu alikuwa pembeni mwa mdomo,
uzi mmoja wa mkia umebaki, nywele zimechakaa.
Nikamchomoa. Nikamwelekeza samaki dhidi ya mkondo,
nikangoja akumbuke.

Alipokumbuka, alinichapa maji usoni kwa mkia,
kofi zima, la baridi, hadi ndani ya kola.

Ilikuwa Jumapili.