Theluji Kadutu

Bashige anasema gari lake limelogwa.
Chini, sokoni Nyawera, linanguruma vizuri tu;
likianza kupanda Kadutu, moshi mweusi, kikohozi,
halafu kimya, na magunia ya unga
yanalivuta kurudi lilikotoka.

Amebadilisha plagi. Amebadilisha pampu.
Amelipa hata mtu wa maombi.

Mimi nilifungua kisanduku kilichofichwa chini ya kiti,
bati la kimo cha Biblia ya mfukoni.
Ndani yake chipu moja, na ndani ya chipu
mtaa mzima wa namba, njia hazina majina,
kama huu wetu: nyumba juu ya nyumba,
ukitafuta mtu, unauliza.

Basi niliuliza.
Nikatumbukiza kihisi cha joto ndani ya chai ya Cibalonza
(alilalamika, kikombe kilikuwa chake)
nikatazama kwenye skrini ni namba gani itashtuka.
Elfu tatu zilikaa kimya. Moja ikateremka:
mia na kumi, tisini na mbili, arobaini na nane.
Nikakihamishia kwenye maji baridi, ikapanda.
Nikaandika daftarini: "Hapa anakaa Joto."

Siku tatu hivyo. Tuliharibu chai nyingi.
Petroli tukaipata, na hewa, na mzunguko wa injini.
Iko moja inayohesabu bila kukoma, hadi leo siijui.
Naiita Mjane.

Jumamosi tukapanda. Bashige kwenye usukani,
kompyuta mapajani mwangu, waya umepenya
chini ya dashibodi kama mkono wa mkunga.
Kuna ugonjwa usiokubali kuja hospitali;
lazima uufuate nyumbani kwake.

Kona ya kwanza: arobaini na nane.
Kona ya pili, shimo, gari likaruka:
mia mbili hamsini na tano.

Usizime, Bashige! Usizime, nimeiona.
Unajua gari lako linafikiri nini?
Linafikiri theluji inaanguka.
Digrii arobaini chini ya sifuri, hapa, saa nane mchana,
na wewe unatiririka jasho.
Ndiyo maana linajinywesha petroli
mpaka linajizamisha.

Alinyamaza. Halafu: "Lilitoka Japani.
Labda linakumbuka kwao."

Hapana. Waya umechubuka tu, pale unaposugua chuma;
shimo likiutikisa, unakatika.
Na ubongo ule, ukiachwa bila habari,
hausemi sijui. Hakuna aliyeufundisha neno hilo.
Unasema baridi. Unaapa baridi.

Nikafunga kwa utepe mweusi, wa faranga mia tano.
Tulifika juu na magunia yote.

Bashige akatoa mkono dirishani, kiganja kikitazama mbingu,
kitambo kidogo, bila kunigeukia,
kama mtu anayehakikisha.