Jiwe Limo Kwenye Bei

Mzee Luhende alipima kwa miguu,
hatua ishirini kushuka, kumi na nne kukatisha,
akalifikia jiwe, akalizunguka
kama mtu anayempisha mkwewe njiani,
akaendelea kuhesabu upande wa pili.
"Na hili?" nikauliza.
"Hilo limo kwenye bei. Sikutozi."

Kishiri, juu, mahali bodaboda hukataa,
husema shuka hapa, dada, malizia mwenyewe.
Ukigeuka unaliona ziwa, kipande tu,
upana wa kanga iliyoanikwa kati ya vilima viwili.
Milioni mbili kasoro laki mbili.
Kiwanja cha jirani, kisicho na jiwe, milioni nne.
Kwa hiyo sikuuziwa mbuzi kwenye gunia:
pembe nilizihesabu.

Pesa ilitoka wapi?
Ilitoka kwenye sangara.
Miaka mitano nasimama kwenye barafu, buti nyeupe,
kisu kinapita chini ya ngozi,
minofu inapanda ndege,
mabondo wanayajua wenyewe,
mapanki tunarudi nayo nyumbani.
Ilitoka kwenye kikoba cha Ijumaa,
hisa moja, hisa moja,
wiki nyingine faini ya kuchelewa peke yake.
Ilitoka kwenye harusi ya Ng'wasi ambayo sikuichangia,
na hadi leo Ng'wasi hunisalimia kwa kidevu.

Benki nilikwenda mara moja.
Kijana wa dirishani, tai imemkaa upande,
akaniuliza, mshahara wako unapitia wapi?
Nikamwambia, unapitia mkononi.
Akacheka kwa adabu, akanipa kalenda.

Tuliandikishana kwa mtendaji, siku ya mvua.
Mke wa mzee hakusema neno mpaka karatasi ilipomfikia;
akaisoma yote, kidole kikifuata mstari.
"Mume yupo?"
"Hayupo."
"Basi andika jina lako lote, hadi la babu."
Nikaandika: Nkwimba Sayi Maduhu.
Wino wa dole gumba ulikaa siku tatu.
Kazini msimamizi akaniambia, kanawe.
Nikanawa kidogo.

Fundi Bugomola alilitazama jiwe, akatema mate pembeni.
"Tulichome. Matairi mawili, kuni, kisha maji ya baridi,
litapasuka lenyewe. Kokoto utauza."
Usiku ule sikulala, chumbani kwangu Mabatini,
mama mwenye nyumba akigonga ukuta:
zima taa, Luku yangu inaisha.
Nikazima. Nikawaza gizani:
kitu cha kwanza kuwa changu duniani,
nikitie moto?

Asubuhi nikamwambia, fundi, tuliegemee.

Ukuta wa jikoni, basi, ni jiwe.
Matofali mia na kumi hatukuyanunua.
Masika linatoka jasho,
sufuria zangu mbili nimezitundika mbali nalo.
Kiangazi linakunywa jua mchana kutwa,
usiku linalitoa taratibu, kama mtu anayelipa deni kwa awamu,
nami naegemeza hapo mgongo uliotoka kwenye barafu.

Dirisha bado ni kiroba cha unga.
Choo kina ukuta, hakina paa; naoga na nyota.
Pimbi walikuwa hapa kabla ya Mzee Luhende.
Wanakaa juu, wananitazama
kama wapangaji wa zamani wanavyomtazama mwenye nyumba mpya,
wakisubiri kuona kama nitapandisha kodi.

Jumapili Mama alipanda, akapumzika mara tatu.
Mlango haukuwepo bado,
akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole:
hodi.
Nikageuka kumtafuta wa kuitika.
Pimbi wakanyamaza.
Hodi, akarudia Mama, sasa anacheka,
na ndipo nilipokumbuka ni nani
anayepaswa kusema karibu.