Elekea Ukutani

Zimekaa bega kwa bega juu ya meza ya fundi Badawy,
Bondeni, nyuma ya duka la vitambaa:
ile yangu, nzito kama mfuko wa saruji,
nguo ya mbele imetobolewa na mguu wa mlevi
katika hoteli ya Nyali ambayo siku hizi ni ofisi za bima;
na ile ya Riziki, mtoto wa dada yangu,
nyepesi, nyeusi, ina droo kama kabati la dawa.

"Hizi ni moduli, mjomba. Wachomoa hii, wachomeka hii."
Moja ya sauti safi. Moja ya sauti ya kukwaruza.
Ya tatu imeandikwa kwa wino mweupe: ZAMANI.

Zamani! Ndani ya droo!
Nilicheka hadi mbaazi zikanipalia.

Nikasema: zamani haichomekwi, mwanangu.
Zamani huiwashi tu ukapiga.
Waiwasha, wangoja, wanywa kahawa nusu kikombe,
valvu zaona haya kwanza, zawa nyekundu taratibu,
ndipo gitaa lipate mahali pa kukaa.
Ukigusa uzi kwa ncha ya kidole, yakujibu kwa upole;
ukiupiga kwa hasira, yakasirika nawe,
sauti yafanya ukoko pembeni,
katikati bado laini.
Hiyo hainunuliwi vipande vipande.

Riziki hakubishana. Ana adabu, na adabu yake yaudhi.
Aliuliza tu: "Na harusi ya Kisauni?"

Harusi ya Kisauni.
Bibi harusi yuko mlangoni, vigelegele vimepanda,
na yangu ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza.
Valvu moja. Niliingoja miezi minne kutoka ng'ambo,
ikafika imevunjika ndani ya boksi lake.
Chumvi ya mji huu haina heshima kwa kioo wala kwa waya.
Riziki, kikimfia kipande, achomoa, achomeka,
wageni hata hawajamaliza kugeuza shingo.

Hilo sikulijibu. Nilitafuta kijiti cha meno.

Fundi ndiye aliyesema: "Elekea ukutani."
Akanigeuza kwa mabega kama mtoto wa chuoni,
nikabaki uso kwa uso na kalenda ya duka la rangi,
mwezi wa mwaka juzi.
Riziki akapiga kipande kile kile, mara mbili,
nilichomfundisha mwenyewe vidole vyake havijazunguka shingo ya gitaa.
Na mara zote mbili tulingoja sawasawa kabla ya kuanza;
Badawy si mjinga.
"Ipi yako?"
"Ya pili."
"Kweli," akasema, na mshangao ukamtoka.

Nikarudi kitini kama kadhi aliyekwisha kuhukumu.

Sasa nisemeje?
Masikio yangu hayakuona tofauti. Wallahi hayakuona.
Ilikuwa pua.
Ile yangu ikipata moto huunguza vumbi la miaka,
hutoa harufu ya kitabu kilichoanikwa,
ya ukumbi ule, ya jasho la wenzangu watatu,
wawili wao sasa wamelala Kikowani.
Kwa hiyo nilishinda, na sikushinda,
na mahamri yaliyobaki nikamwachia Riziki.

Baadaye nilishika gitaa mimi.
"Ziunganishe zote mbili," nikasema, "zipigane zenyewe."
Nikapiga uzi mnene, mmoja tu, nikauacha uende.

Stima ikapotea mtaa mzima.

Ya Riziki ilikatika papo hapo,
kama mtu aliyeishiwa na salio katikati ya neno.
Yangu ikaendelea.
Si sana. Kiasi cha kumwita mtu kwa jina lake.
Sauti ikashuka, ikashuka tena,
na nyuma ya matundu ya bati valvu nne
bado nyekundu, zafifia, zalia tik, tik, zikipoa.

Feni ilikuwa imesimama. Tulianza kutoka jasho.

"Rudia, mjomba," akasema Riziki gizani,
kana kwamba stima ni yangu.