Ogwen, 40

Nyuma ya soko la Kibuye, kwenye kibanda cha mabati,
Mama Akeyi alikodisha televisheni mbili.
Shilingi kumi, dakika ishirini.
Ya kwanza ilikuwa ya mpira na matusi yake.
Ya pili, iliyooza kijani pembeni,
ilikuwa yangu kila Jumamosi,
maana nani mwingine alitaka mchezo
wa kusoma kuliko kupiga?

"Ogweno, yaani unalipia kutembea?"
Okumbe aliniuliza, kidole kikisubiri penalti.

Nililipia kutembea.
Nililipia kijiji chenye kisima na kuku wanne.
Kisanduku cha jina kilimeza herufi tano tu,
nikawa Ogwen, nimekatwa mkia,
nikapewa upanga wa mbao
na kisasi cha baba nisiyemjua.

Langoni alisimama bibi mmoja wa vidotidoti.
Ukimsemesha, jibu lilikuwa lile lile:
Upepo leo unatoka kaskazini, mwanangu.
Nimetoka kuua joka: kaskazini.
Nimemzika mganga wetu, nalia kimyakimya
watu wa mpira wasinione: kaskazini, mwanangu.

Kamusi ya shule mapajani, Kiingereza kiliniingia kinyumenyume:
nilijua sumu, kiapo, msaliti,
kabla sijajua kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mama Akeyi hakuelewa mchezo. Hesabu alielewa.
"Mtu wako ana nguvu ngapi leo?"
"Mia mbili na kumi."
"Jana?"
"Mia na themanini."
"Basi amekula," akasema,
akageuza omena kwenye karai.

Siku ya pambano la mwisho pesa ziliniishia.
Aliniacha dakika themanini zaidi,
akaandika kwa mkaa ukutani: Ogwen, 40.
Adui alibakiza pumzi mbili
stima ikapotea.
Kondele nzima ikasema *aaah!* kwa koo moja.

Jumamosi iliyofuata
Okumbe alikuwa amehifadhi ligi yake
juu ya saa zangu hamsini na nane.

*

Leo nina mshahara, na sebule huku Mamboleo.
Mchezo ule umefufuliwa.
Haukuja na diski. Diski nilizijua:
dawa ya meno kidogo, tumbo la shati,
futa kutoka katikati kwenda nje,
puliza kama unapoza uji.
Mashine hii haina hata mdomo wa kulishwa.
Gigabaiti tisini, usiku kucha, bando likakata roho alfajiri,
na masharti niliyoyakubali bila kuyasoma
yanasema sikununua, nimeazimwa.
Wakichoka, watafunga seva,
kijiji kihame na kuku wake.
Upanga mzuri unauzwa kando. Joho, kando.
Kuku wa tano anauzwa kando, jamani!
Na waliouchora, nasikia,
wengi walirudishwa nyumbani mwezi uleule ulipotoka.

Ningependa kuuchukia.
Lakini nimefika langoni, na kuna nyasi.
Zamani hapakuwa na nyasi, palikuwa na rangi ya kijani.
Sasa zinainama, zote, kuelekea kusini,
na bibi, mwenye mikunjo na sauti na leso begani,
ananiambia upepo unatoka wapi.
Miaka ishirini na miwili.
Kumbe alikuwa anasema kweli.

Kibanda kilibomolewa barabara ilipopanuliwa.
Pale pana duka la kubeti.
Mama Akeyi, wengine wanasema Ugunja,
wengine wanabadilisha mazungumzo.

Nina sarafu za dhahabu elfu moja mia mbili.
Nimesimama mbele ya bibi tangu saa tatu usiku,
nataka kumwachia arobaini.
Nimebonyeza vyote.
Kuna cha kusema, kuna cha kununua, kuna cha kupiga.
Cha kutoa hakuna.