Ngumi Yenye Tundu

Tulimkuta ndani ya kopo la vifungo
siku tulipoifunga nyumba ya bibi kule Zierikzee:
kizee cha kauri, kirefu kama kidole cha kati,
kofia pana, ndevu za rangi ya magugumaji,
suruali imelowa hadi magotini. Mchoraji
alitia kijani kibichi, kisha akajuta, akafuta nusu.
Chini ya nyayo, namba saba na taji lililofifia.
Jina hakuna.

Mkono wa kulia umekunjwa ngumi,
na katikati ya ngumi, tundu.
Njiti ya kiberiti inaingia. Zaidi ya hapo, hapana.

Nikampeleka Goes, kwenye maonyesho ya Jumamosi,
ukumbi wa mazoezi unaonuka viatu na kahawa.
Adriaan Kloosterman akapachika kioo chake cha kukuza,
akampindua kama daktari wa meno.
"Walikuwa kumi na wawili," akasema,
"wakitolewa na pakiti za chai, miaka ya hamsini.
Huyu, yategemea alishika nini.
Kama taa, ni yule apotezaye wasafiri kinamasini: euro arobaini.
Kama kijiko, ni kibwengo wa ghalani,
alindaye ng'ombe kwa ujira wa uji: ishirini na tano.
Hivi alivyo, mkono mtupu," akanirudishia, "nne.
Na hizo nne ni kwa sababu namfahamu mama yako."

Pieternella wa meza ya pili akabisha: fimbo, si taa.
Mzee mmoja mwenye mkongojo akasema filimbi.
"Filimbi gani hushikwa kwa ngumi?"
Nikawaacha wakiteta, kila mmoja na zimwi lake.

Usiku nikajaribu mwenyewe.
Njiti: akawa mshika taa.
Kipande cha sindano ya kufumia: mchunga kondoo.
Kijiti cha meno: mtu aliyemaliza kula, anaaga.
Kila nilichompa alikipokea bila kinyongo,
kama mgeni asiyetaka kumsumbua mwenyeji.

Bibi Jacomina hatukumwuliza.
Siku njema, huniita kwa jina la dada yake;
siku mbaya, huniita muuguzi.
Nilimpelekea kile kizee akichezee tu,
kama mtoto apewavyo funguo.
Akakitazama mpaka chai yake ikapoa.
Kisha akakigeuza, uso ukutani.

"Leendert hakumwogopa," akasema.

Na kwa sauti kavu, ya mtu asomaye orodha ya dukani:
mama alimweka dirishani, upande wa mfereji,
ili tumjue. Huyo ndiye mwenye kulabu,
akaaye chini ya maji,
avutaye kwa kifundo cha mguu mtoto anayesogelea ukingo.
Mimi nilipita mbali. Leendert alimwachia makombo ya mkate.
Waliompata ni wafungua lango la maji, asubuhi.
Baba aliingia na buti zake, hakuvua,
akaing'oa ile kulabu kwa koleo.
Mama akaiokota.

Akauliza kama biskuti zimekwisha.

Zimwi likujualo, watu husema,
halikuli likakwisha.
Hili lilimjua Leendert, lilikula mkate wake,
naye alikuwa na miaka sita.
Sikuwahi kusikia jina lake nyumbani kwetu,
hata siku za kugawana majina ya watoto.

Ndani ya kopo, chini ya vifungo,
palikuwa na kawaya kadogo kaliyopinda.
Wiki tatu nilikuwa nikikatumia
kuzibulia mdomo wa birika.
Nimekaosha. Nimekapima kwa macho, basi.

Namba saba amesimama juu ya friji, mkono mtupu.
Adriaan amepiga simu mara mbili:
akijulikana ni nani, bei itapanda.
Nimemwambia bado tunatafuta.