Miwani ya Nne

Ya kwanza aliikalia mjukuu.
Ya pili ilitumbukia kwenye gunia la mtu wa Mlali,
nadhani ilifika hadi mashineni;
kuna nyumba imekula ugali wa miwani yangu.
Ya tatu ndiyo hii:
mkono wa kushoto nimeufunga kwa uzi wa magunia,
na kioo cha kulia kina ufa
kama njia ya mbuzi inayoshuka kilimani.

Mimi Matika, karani wa mizani, soko la Kibaigwa.
Miaka kumi na minne naisoma sindano ile
huku pumba zikininyeshea, jasho likitelezesha pua.
Wabeba mizigo wananiita Mama Kilo.
Safari hii nimeapa:
ya nne ndiyo itakayonizika.

Nikaingia Dodoma Jumatatu, mwezi wa nane,
upepo ukigawa mchanga bila kubagua suti wala kandambili.
Sabasaba kijana kaitundika miwani kwenye ubao wa sponji,
elfu tano, elfu nane, ya dhahabu elfu kumi.
"Chuma hiki, mama."
Nikaupinda mkono wake kidogo tu.
Ukabaki umepinda, kama mtu aliyekumbushwa deni.
Kijana akacheka. "Basi sikudanganyi.
Hii inafika masika. Haivuki."
Nilimnunulia soda.
Si kila siku muuzaji anakutajia siku ya msiba wa mali yake.

Duka la Barabara ya Saba lina kiyoyozi na bei za mbuzi.
Kwanza walinipima: herufi kubwa, herufi ndogo,
kisha chungu wamejipanga ukutani, nikasema ni chungu.
Binti Nyemo akaniuliza napenda rangi gani.
Sikuja kutafuta uso, nikamwambia, huu unanitosha.
Nikaivaa ya mbele yangu
nikainama mpaka vidole vikagusa vigae,
nikapiga chafya ya uongo, halafu ya kweli,
nikatikisa kichwa kama punda mwenye nzi,
nikajitwisha gunia lisilokuwepo.
Wateja wawili wakasogea mlangoni.

Ya kwanza ikatambaa hadi ncha ya pua.
Ya pili ikanishika masikio kama mwalimu wa zamani.
Ya tatu, nyeusi, mbaya, nene kwenye bawaba,
ikakaa.

"Ya glasi haikwaruziki upesi," Nyemo akasema,
"lakini ikianguka, umeizika.
Plastiki ngumu inaanguka, inaamka,
ila usiifute kwa kanga yenye vumbi."
Mwanangu, vumbi kwetu ni hali ya hewa.
"Basi maji kwanza. Kitambaa baadaye.
Na skrubu ikilegea, usiifunge uzi. Njoo."
Hilo la uzi aliliona, akalisema kwa adabu.

Laki na themanini. Nikaishusha hadi laki na sitini na tano,
nikahesabu noti, kila moja ikiniaga kwa jina.
Baada ya wiki nikaifuata.

Usiku ule, kwenye taa ya sola, nilifungua daftari la Juni,
nione tu herufi zikirudi nyumbani.
Mwandiko wangu mwenyewe. Saba zangu zina kofia.
Lakini chini ya ukurasa, pale pa kujumlisha,
nilikuwa nimezivua kofia zote
nikazihesabu moja.

Ndahani wa Pandambili: tisini na saba,
akalipwa tisini na moja.
Mama Chilewa, mara mbili.
Na mmoja ambaye sikumwandika jina,
niliandika "baiskeli."

Nikaivua, nikaiosha kwa maji, nikaivaa tena.
Saba zikabaki saba.

Kesho naanza na Ndahani, kwao napajua.
Huyu wa baiskeli
sijui nitamwonea wapi.